WAKILI WA NANI? UHAKIKI WA MANENO YA MWENDESHA MASHITAKA WA DURHAM

Neno wakili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili si mtu aliyesomea sheria. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe ili alitende kwa niaba yake. Katika ndoa za Kiislamu za pwani, aliyepewa idhini na walii amwozeshe binti huitwa wakili. Kadhalika huitwa wakili yule anayesimamia shamba au mirathi ya mtu asiyekuwapo. Katika shina hilo hilo yametoka maneno wakala, uwakili, kuwakilisha na mwakilishi. Kwa hiyo neno hili halikamiliki peke yake. Mtu akiambiwa kwamba fulani ni wakili, swali lifuatalo ni lazima liwe: wakili wa nani?

Swali hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililomwangusha Michael Nifong, mwendesha mashitaka wa kuchaguliwa wa Durham, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mambo yake yameelezwa sana na wanasheria na waandishi wa magazeti, na wengi wameyaeleza kama habari ya mtu mmoja mwenye tamaa ya cheo. Maelezo hayo si ya uongo, ila yamepungukiwa. Atakayeyafuata maneno ya mtu huyu tangu Machi 2006 mpaka Juni 2007 ataona kwamba kosa lake lilianza ulimini kabla halijafika mkononi, na kwamba matendo aliyoadhibiwa kwayo baadaye yalikuwa, kwa sehemu kubwa, jitihada za kuyalinda maneno aliyokwisha kuyasema. Kwa sababu hiyo jambo hili lawahusu wanafunzi wa lugha kama liwahusuvyo wanafunzi wa sheria.

Jina la kazi

Kwanza yafaa kazi yenyewe ielezwe. Katika nchi nyingi za dunia mwendesha mashitaka huteuliwa. Nchini Marekani, katika majimbo yaliyo mengi, huchaguliwa na wananchi wa wilaya yake kwa kura, kama achaguliwavyo mbunge au diwani. Jimbo la Mississippi lilitangulia katika mwaka 1832, na majimbo mengi yakalifuata kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861. Nia ya walioanzisha desturi hiyo ilikuwa njema: walitaka kuiondoa kazi hii mikononi mwa magavana waliokuwa wakiigawa kwa marafiki zao, na kuiweka mikononi mwa umma. Majimbo machache tu, kama vile Alaska, Connecticut na New Jersey, yameendelea na uteuzi.

Jina la Kiingereza la kazi hii, likifasiriwa neno kwa neno, ni ‘wakili wa wilaya’. Neno la Kiingereza lenye maana ya wakili limetoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ni aliyewekwa mahali pa mwingine. Basi katika asili yake Kiingereza na Kiswahili zakutana. Lakini Kiswahili cha leo hakimwiti mtu huyu wakili. Humwita mwendesha mashitaka. Jina hilo lastahili kupimwa. Kitenzi kuendesha ni kufanya kitu kiende: mtu huendesha gari, huendesha biashara, huendesha mkutano. Mwendesha mashitaka, basi, ni mtu anayeyasukuma mashitaka yasonge mbele. Jina lataja mwendo, wala halitaji aliyemtuma. Ladokeza pia kwamba kazi iliyofanywa vema ni kesi iliyofika mwisho wa safari, na mwisho huo wafikiriwa kuwa kifungo. Kumbe katika kazi hii kuna siku ambayo utendaji bora ni kusimamisha gari na kushuka. Mwendesha mashitaka akiona ushahidi hautoshi, kuiacha kesi ni sehemu ya kazi yake, tena ni sehemu iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa haina makofi.

Mtu na cheo chake

Nifong alizaliwa Wilmington, North Carolina, mwaka 1950. Alisoma falsafa na baadaye sheria katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, akamaliza sheria mwaka 1978. Muda mfupi baadaye aliingia ofisi ya mashitaka ya Durham, akakaa humo zaidi ya robo karne kama msaidizi, bila ya kujulikana sana nje ya mahakama. Aprili 2005 mkuu wake alipofanywa jaji, Gavana Mike Easley alimteua Nifong ashike nafasi iliyobaki. Mwaka 2007 gavana huyo alisema hadharani kwamba alimteua kwa ahadi kuwa hatagombea katika uchaguzi wa 2006. Hata hivyo Nifong aligombea.

Hapa ndipo penye mgeuko wa kwanza. Mtu aliyekuwa wakili kwa uteuzi alitaka sasa awe wakili kwa kura, na wapinzani wake wawili katika kura ya mchujo ya chama cha Democratic hawakuwa watu wa kudharauliwa. Mmoja wao, Freda Black, alikuwa mwendesha mashitaka mwenziwe katika ofisi ile ile, tena mwenye jina kubwa kwa watu kumshinda. Siku ya kura ilikuwa Mei 2, 2006. Kwa kuwa chama cha pili hakikuweka mtu, aliyeshinda mchujo alikuwa amekwisha kukipata cheo nusu.

Usiku wa Machi 13 kuamkia Machi 14, wiki saba kabla ya siku hiyo, wachezaji wa timu ya lacrosse ya Chuo Kikuu cha Duke walifanya karamu katika nyumba moja karibu na chuo. (Lacrosse ni mchezo wa mpira uchezwao kwa vijiti vyenye wavu, na huko Marekani wengi wa wachezaji wake hutoka katika shule za watu wenye mali.) Wanawake wawili walikodiwa waje kucheza ngoma. Mmoja wao, mwanamke mweusi aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central, ambacho kwa asili ni chuo cha watu weusi katika mji huo huo, alisema kwamba alinajisiwa na wanaume watatu chooni. Timu ilikuwa na wachezaji 47, na 46 kati yao walikuwa weupe. Hao 46 wakaamriwa watoe vipimo vya vinasaba.

Msomaji asiijue historia ya kusini mwa Marekani hataelewa uzito wa neno hilo. Kwa vizazi vingi mwanamke mweusi aliyenajisiwa na mwanamume mweupe hakuwa na mahakama ya kumsikiliza. Watu weusi wa Durham walipoitaka haki ifanywe hawakutaka jambo baya. Walitaka lile ambalo babu zao walinyimwa. Na wao walikuwa wapigaji kura wengi. Ndiyo sababu maneno ya mwendesha mashitaka yalikuwa na thamani kubwa kuliko siku zote, na ndiyo sababu alipaswa kuyapima kwa mizani ya mwuza dhahabu.

Aina nne za usemi

Hakuyapima. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika juma la kwanza Nifong alizungumza na waandishi wa habari kati ya mara 50 na 70. Maneno hayo, yakikusanywa na kutazamwa kwa jicho la mwanasarufi, yaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la maneno yanayothibitisha kisichokwisha kuthibitishwa. Alisema katika televisheni kwamba ameridhika moyoni kuwa unajisi ulitendeka. Sheria humruhusu mwendesha mashitaka aseme kwamba mtu ameshitakiwa kwa jambo fulani. Haimruhusu, kabla ya kesi, aieleze imani yake juu ya hatia. Tofauti ya semi hizo mbili ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kisheria. Ya kwanza yaeleza tendo la mahakama, na yeyote aweza kulihakiki kwa kutazama daftari. Ya pili yaeleza tendo la usiku ule, ambalo msemaji hakuliona.

Fungu la pili ni la majina. Aliwaita vijana wale wahuni, akawasema kuwa ni watoto wa matajiri ambao baba zao wana uwezo wa kuwanunulia mawakili wa bei kubwa. Jina halina wakati wala halina shaka. Kitenzi chaweza kukanushwa, chaweza kutiwa sharti. Mtu aweza kuuliza, ‘Je, walitenda?’ Lakini mtu akiisha kuitwa mhuni, swali la alitenda nini huwa kama limejibiwa. Kwa njia hiyo tabia mbaya ya karamu ile, ambayo ilikuwa kweli, ilifanywa kuwa ushahidi wa kosa ambalo halikuwa kweli.

Fungu la tatu ndilo baya kuliko yote kwa mtu wa sheria. Aliuliza mbele ya waandishi kwa nini mtu ahitaji wakili ikiwa hakushitakiwa wala hakutenda ubaya wowote. Mtu wa kawaida akisema hivyo husamehewa, maana mitaani watu wote husema hivyo. Lakini aliyesema ni wakili, na haki ya kuwa na wakili na haki ya kunyamaza ndizo nguzo mbili za kazi yake. Aliligeuza neno wakili likawa alama ya hatia. Ni kana kwamba tabibu angesema kwamba aendaye hospitali bila shaka ana maradhi ya aibu.

Fungu la nne ni la ahadi kwa wapigaji kura. Matokeo ya kwanza ya vinasaba yalipotangazwa Aprili 10, nayo hayakumhusisha mchezaji hata mmoja, Nifong alikwenda siku ya pili yake katika mkutano wa hadhara kwenye chuo cha North Carolina Central, akawaambia watu kwamba kesi haijaisha. Katika siku hizo hizo za kampeni alisema kwamba hataruhusu mji wa Durham ujulikane duniani kwa tendo la wachezaji wa lacrosse wa Duke kumnajisi msichana mweusi. Katika sentensi hiyo tendo limekwisha kutendeka na wakosaji wamekwisha kujulikana. Kilichobaki ni sifa ya mji, na mlinzi wa sifa ya mji ni yule anayeomba kura.

Mei 2 alishinda mchujo, akimpita Black kwa kura 883.

Lugha iliyokuwapo nao pia

Haitakuwa insafu mzigo wote kutwikwa mtu mmoja. Aprili 6, 2006, walimu 88 wa Chuo Kikuu cha Duke walitia sahihi tangazo katika gazeti la wanafunzi, ambamo mlikuwa na shukrani kwa watu walioandamana na ambao hawakungoja. Wengi wa waliotia sahihi walikuwa wasomi wa fasihi, historia na utamaduni, watu ambao kazi yao ni kuyapima maneno. Nia yao, kama walivyoeleza baadaye, ilikuwa kuusikiliza uchungu wa wanafunzi weusi, na uchungu huo haukuwa wa kubuni. Hata hivyo kuwashukuru watu kwa kutongoja, wakati mahakama haijakaa, ni kuyafanya mashitaka kuwa hukumu kwa njia ya adabu. Haraka haraka haina baraka. Na msomi akiwa na haraka, haraka yake huonekana kama hekima.

Katika jambo hili Kiswahili kina akiba nzuri kuliko wasemaji wake wanavyoitumia. Kuna mtuhumiwa, yaani anayedhaniwa. Kuna mshitakiwa, aliyefikishwa mahakamani. Kuna mkosaji au mhalifu, aliyepatikana na hatia. Na kuna mfungwa, aliyeadhibiwa. Majina hayo manne ni milango minne, na mtu huvuka mmoja baada ya mmoja, au harudi nyuma akaenda nyumbani kwake. Kuna pia vitenzi vya kujihadhari: yadaiwa, yasemekana, anatuhumiwa. Lakini tazama vichwa vya habari vya magazeti: mtu akamatwapo usiku, asubuhi huandikwa kwamba jambazi amekamatwa au kwamba mwizi amenaswa. Milango mitatu imerukwa kwa neno moja. Waandishi hujitetea kwamba yadaiwa huichosha habari. Ni kweli huichosha. Lakini ndiyo breki ya gari, na hakuna dereva asemaye kwamba breki zamchelewesha.

Kunyamaza kama usemi

Baada ya maneno ulifuata ukimya, nao ulikuwa wa namna yake. Vijana watatu walishitakiwa, wawili katika Aprili na wa tatu Mei 15. Utambulisho wao ulitokana na picha alizoonyeshwa mwanamke yule Aprili 4, nazo zilikuwa picha za wachezaji wa timu tu, bila ya mtu mwingine hata mmoja aliyetiwa humo kwa ajili ya kujaribu ukweli wa kumbukumbu yake. Ni mtihani ambao kila jibu lilikuwa sahihi. Mawakili wa mmoja wa vijana walipotaka kumwonyesha mwendesha mashitaka ushahidi kwamba mteja wao alikuwa ameondoka, hakutaka kuutazama.

Jambo lililo zito zaidi lilihusu vinasaba. Baada ya maabara ya serikali ya jimbo kukosa alama ya mchezaji yeyote, vipimo vilipelekwa kwa kampuni binafsi katika mji wa Burlington. Kampuni hiyo iliona kwamba palikuwa na vinasaba vya wanaume kadhaa, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mchezaji. Nifong aliambiwa. Lakini taarifa iliyotolewa Mei 12 haikuyataja hayo. Ilitaja yaliyolingana na watu waliojulikana, ikayaacha mengine. Septemba 22 Nifong alimwambia jaji mahakamani kwamba hakuna zaidi ya yaliyomo katika taarifa ile.

Mwenye kuchunguza lugha atatambua hila iliyomo. Taarifa yenye sentensi za kweli tupu yaweza kuwa uongo kwa yale iliyoyaacha. Msikilizaji hudhani kwamba aliyepaswa kusema yote amesema yote. Mapatano hayo hayaandikwi, lakini bila ya hayo hakuna mazungumzo kati ya watu, seuze mahakamani. Ndiyo sababu sheria ya North Carolina ya 2004 ilikuwa imekwisha kuwalazimisha waendesha mashitaka kuufungulia upande wa pili jalada lote.

Kweli ilipatikana kwa njia ya usomaji. Upande wa utetezi ulipopewa, katika Oktoba, karibu kurasa 2,000 za takwimu za maabara bila ya maelezo, wakili kijana, Brad Bannon, alijifundisha elimu ya vinasaba kutoka vitabuni, akazisoma kurasa hizo moja moja mpaka akakiona kilichoachwa. Desemba 15, 2006, mkuu wa maabara ile aliulizwa mahakamani, akakubali kwamba matokeo yote hayakutiwa katika taarifa, na kwamba jambo hilo lilijulikana kwake na kwa mwendesha mashitaka.

Katika Oktoba hiyo hiyo jambo jingine lilikuwa limedhihirika. Nifong alikiri mbele ya jaji kwamba alikuwa hajazungumza na mwanamke yule juu ya tukio lenyewe. Miezi saba alikuwa amesema kwa niaba yake kila mahali, naye hakumsikiliza. Hapa swali la mwanzo lapata makali yake. Hakuwa wakili wa vijana wale, ingawa nao walikuwa sehemu ya umma wa Durham uliomlipa mshahara. Sasa laonekana kwamba hakuwa wakili hata wa mwanamke aliyesema anamtetea. Alikuwa wakili wa usemi wake mwenyewe wa Machi.

Hukumu na maneno yake

Novemba 2006 Nifong alishinda uchaguzi wa mwisho kwa kura pungufu kidogo ya nusu, mbele ya mpinzani aliyekuwa amekwisha kutangaza kwamba akichaguliwa hataishika kazi. Ushindi huo haukudumu. Desemba 28 Chama cha Mawakili cha Jimbo kilimfungulia mashitaka ya utovu wa maadili, kwanza kwa sababu ya maneno yake kwa waandishi. Januari 2007 aliomba kujitoa katika kesi, nayo ikachukuliwa na Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, Roy Cooper. Aprili 11 Cooper aliyafuta mashitaka yote.

Namna Cooper alivyosema siku ile ni fundisho la tafsiri. Angeweza kusema kwamba ushahidi hautoshi, kama isemwavyo kila siku. Alichagua kutumia neno la Kiingereza lenye maana kwamba vijana wale hawakutenda kabisa. Mahakama ya Kiingereza haitamki neno hilo. Hutamka tu kwamba mtu hakupatikana na hatia, na hilo lamwachia msikilizaji nafasi ya kudhani kwamba pengine alitenda. Katika Kiswahili semi hizo mbili huchanganywa. Hakimu hutamka kwamba mshitakiwa hana hatia, na mtaani mtu mwema ambaye hakutenda jambo huambiwa pia kwamba hana hatia. Hivyo mfasiri aliyeandika kwamba Cooper aliwaona vijana hawana hatia aliufuta ule mgeuko uliokuwa kiini cha tangazo lile. Ingefaa kuandikwa: hawakutenda walilosingiziwa. Neno singizia latoa hukumu juu ya mashitaka yenyewe, na ndivyo Cooper alivyokusudia. Katika Desemba 2024 mwanamke yule mwenyewe, akiwa gerezani kwa kosa jingine, alikiri hadharani kwamba yale aliyoyasema juu yao hayakuwa kweli.

Juni 2007 baraza la nidhamu la Chama cha Mawakili lilikaa Raleigh siku tano. Akiwa kizimbani Nifong alitangaza kwamba atajiuzulu. Juni 16 jina lake lilifutwa katika orodha ya mawakili. Agosti 31 jaji alimwona na kosa la kuidharau mahakama kwa neno lake la Septemba 22, akamhukumu kifungo cha siku moja, nacho akakitumikia Septemba 7. Mwanzoni mwa 2008 aliomba kutangazwa kuwa amefilisika. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; dole hupona.

Kesi iliyonyamaziwa

Uhakiki ungeishia hapa kama maana ya jambo ingekuwa ni kushindwa kwa msema ovyo. Lakini kuna kesi nyingine ya Durham inayolazimisha hesabu ifanywe upya. Mwaka 1995 mwanamume mmoja mweusi alihukumiwa kifungo cha miaka 80 kwa kuuawa kwa mwanamke na binti yake mwenye umri wa miaka 13, mauaji yaliyotokea 1991. Mwendesha mashitaka alikuwa Nifong, wakati huo msaidizi asiyejulikana. Vinasaba vilivyopatikana katika miili havikuwa vya mshitakiwa, na mahakama iliambiwa kwamba hilo halibadili kitu. Mtu huyo aliachiliwa 2016, baada ya miaka 21, na Cooper, ambaye sasa alikuwa gavana, akampa msamaha wa mtu aliyeonewa katika mwaka 2021.

Kesi hizo mbili zafanana sana: vinasaba visivyolingana, na mwendesha mashitaka asiyetaka kusimama. Zatofautiana katika kelele. Ya kwanza haikuwa na televisheni, wala wazazi wenye mali, wala wakili mwenye wasaa wa kusoma kurasa 2,000. Kwa hiyo vijana watatu waliokolewa katika mwaka mmoja na kidogo, na mtu maskini alingoja miongo miwili. Mara nyingi husemwa kwamba kura ndiyo iliyomharibu Nifong. Kesi ya 1995 yaonyesha kwamba tabia ya kuendesha bila ya kusimama ilikuwapo kabla ya kura yoyote. Kura iliipa kipaza sauti, na kipaza sauti ndicho kilichoifichua. Msiba wa kweli ni kwamba lile lililofanywa kimya kimya halikumwangusha mtu.

Basi kuteua si dawa peke yake. Katika Tanzania Mkurugenzi wa Mashitaka huteuliwa na Rais, na katika Kenya, kwa Katiba ya 2010, huteuliwa na Rais baada ya kukubaliwa na Bunge, kwa muda wa miaka minane tu. Katiba zote mbili zamtaka awe huru, atazame maslahi ya umma na kuyazuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria. Maneno hayo ni mema. Lakini aliyechaguliwa hujaribiwa na waliompigia kura, na aliyeteuliwa hujaribiwa na aliyemteua. Na neno umma ni pana, kila mmoja aweza kulikata kwa kipimo chake. Nifong alilikata likatosha wapigaji kura wa Mei 2.

Faida ya neno la kale ni kwamba halikatiki hivyo. Wakili wa mirathi huwajibika kwa warithi wote, hata yule asiyependwa na nduguze, na akimpunja mmoja uwakili wake wabatilika. Warithi wa haki katika Durham walikuwa ni mwanamke aliyelalamika, vijana walioshitakiwa, watu weusi waliokumbuka dhuluma za zamani, na yule mfungwa aliyekuwa katika mwaka wake wa kumi na moja gerezani wakati mji mzima ulipokuwa ukizungumza habari za karamu. Watunga istilahi za sheria watakapokaa tena, itafaa walifikirie jina wakili wa umma mahali pa mwendesha mashitaka. Jina halimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Lakini jina hili humwuliza mwenye nalo, kila linapotamkwa, swali ambalo jina la sasa halimwulizi.